Mabango ya Bwana Breki

Mahali njia ya baiskeli inapoanzia, nyuma ya stesheni ya zamani, ndipo mahali pa chini kabisa katika wilaya nzima. Maji yote ya mvua huishia hapo. Mpira wa watoto ukiponyoka juu kwenye mtaa wa shule, hutafutwa hapo. Anayetaka kwenda chini zaidi ya hapo labda achimbe kisima. Na hapohapo, kwa rangi nyeusi juu ya ubao mweupe, kwa herufi za mtu anayejiamini, palisimama bango lililosema: MTEREMKO MKALI. SHIKA BREKI.

Aliyeliandika ni Bwana Breki, na huwezi kumweleza Bwana Breki bila kuanza na treni.

Treni yenyewe ilikuwa ya mizigo. Asubuhi ilipanda kutoka bondeni hadi stesheni ya juu, kwenye miguu ya milima, kilomita kumi na nane za kona na vilima. Mchana ikashuka na mbao na magunia. Mbele kulikuwa na injini na dereva wake. Nyuma kabisa kulikuwa na behewa dogo lenye gurudumu la chuma la kukazia breki, na gurudumu hilo lilikuwa la Bwana Breki kwa miaka thelathini na mmoja. Treni ikishuka alisimama wima, kofia imembana kichwa, filimbi shingoni, akikaza hapa, akilegeza pale, na wanawake wa kando ya reli walijua saa ya kuinjika chungu kwa kusikia vyuma vyake vikilia. Hakuna aliyewahi kumkosoa katika kushuka. Hata wasiompenda, na hawakuwa wachache, walikubali kwamba mtu yule kushuka anakujua.

Kupanda ni habari nyingine. Treni ikipanda, breki haina kazi. Kwa hiyo kila asubuhi, injini ikishaanza kuhema, Bwana Breki alitandika magunia matupu sakafuni, akavua viatu, akajifunika uso kwa kofia, akalala. "Kupanda ni kazi ya injini," alisema, na alilisema kama mtu anayetaja sheria ya serikali. Alizinduka treni ikishasimama huko juu, akavaa viatu, akapiga filimbi, akawa tayari kushuka.

Sasa mkewe. Mkewe huitwa Mama Pacha, kwa sababu alizaa mapacha wa kike na hakuzaa tena. Alisema wawili kwa mpigo wanatosha, hasa kwa mtu mwenye mume wa aina ile. Mama Pacha aliuza mboga. Kabeji na karoti nzuri zilikuwa juu penye baridi, na walaji walikuwa chini. Mwaka wa kwanza wa ndoa alimwomba mumewe ampakie kwenye behewa lake, yeye na kapu lake.

"Behewa la breki si kapu la mboga," akajibiwa. Na alijibiwa mbele ya wageni.

Hakuomba mara ya pili. Alitafuta baiskeli nyeusi ya chuma, nzito kama kitanda, yenye keria pana, akawa anapanda kwa kijia cha wafanyakazi wa reli kilichofuata mataruma, kila Jumanne na kila Ijumaa. Kuna siku alipanda na pacha mmoja mgongoni na mwingine ndani ya kapu. Na kwa miaka thelathini, mahali fulani katikati ya safari, treni ilimpita. Dereva alimpigia honi. Mchochea makaa alimpungia kitambaa. Behewa la nyuma lilipita bila salamu, na ndani yake mume wake anakoroma. Mama Pacha aliapa kwamba mkoromo ule alikuwa akiusikia, pamoja na kelele zote za vyuma, na kwamba aliutambua kwa sababu hata nyumbani hukwama palepale kabla ya kutoka.

Halafu treni ikakoma. Reli ikang'olewa, mataruma yakabebwa na watu wakafanyia vizingiti vya nyumba, na Bwana Breki akabaki na kofia, filimbi, na ile hali ya mtu anayengojwa mahali. Alikaa barazani miaka tisa akiwatazama watu wanavyopita bila kumuuliza kitu. Hilo ndilo lililomla. Zamani aliulizwa saa. Aliulizwa kama mvua imenyesha huko juu, kama mbao zimefika, kama mtoto wa fulani ameonekana stesheni. Sasa hata njia ya kwenda zahanati watu walimwuliza mwenye duka, tena Bwana Breki yuko palepale, amekaa, kofia kichwani, njia anaijua.

Ndipo halmashauri ikakumbuka lile tuta la reli. Likamwagiwa changarawe laini, likashindiliwa, na kila mwisho vikachimbiwa vigingi vya chuma vilivyokaribiana kiasi kwamba gari halipiti, pikipiki haipiti, na mwenye bucha, kwa tumbo lake, hupita kwa ubavu. Ikawa njia ya baiskeli tupu. Watu wa miji mikubwa wangekuja na baiskeli zao, wapande vilimani siku nzima bila kufukuzwa na honi, watazame milima, walale, warudi makwao wamepona walichokuwa wanaumwa.

Ofisi ilimtuma dada afisa, msichana mwenye faili kwapani na mwendo wa kukimbilia kitu, atafute mtu anayeijua njia. Bwana Breki alifika ofisini kabla ya kuitwa.

"Mzee, njia unaijua vizuri?"

"Mwanangu, naijua hata nikifumba macho."

Na hapa haki yake apewe, hakusema uongo. Nusu ya safari zake zote aliisafiri hivyohivyo, macho yamefumbwa.

"Na ikoje? Maana wageni wengine ni watu wazima."

"Mteremko," akasema Bwana Breki, akapeleka kiganja chake hewani taratibu kutoka juu kwenda chini, lakini dada afisa alikuwa ameinamia faili. "Mwanzo mpaka mwisho. Mteremko mtupu."

Dada afisa akafurahi, akaandika. Kwake yeye mteremko ni jambo jepesi: mtihani wa mteremko, kazi ya mteremko, mume wa mteremko kama yupo. Kwa Bwana Breki mteremko ni mteremko: treni imeelekea chini na magurudumu yanatoa cheche. Neno moja, watu wawili, na hakuna aliyemwuliza mwenzake una maana gani. Wiki iliyofuata vipeperushi vikatoka na picha ya milima, na chini yake: SAFARI YA MTEREMKO, MWANZO MPAKA MWISHO.

Mabango nayo akapewa ayaandike yeye, kumi na manne. Lori la ofisi lilimzungusha kwa barabara ya nyuma hadi stesheni ya juu (akalala njiani, bila shaka), kisha akashuka kwa miguu na wachimbaji wawili, akiyasimamisha mahali palepale alipokuwa akikaza gurudumu lake. Aliambiwa kila bango liandikwe pande mbili, kwa sababu watu watapita wakienda na wakirudi. Akaandika pande mbili. Maneno yaleyale.

Siku ya bango la mwisho, lile la chini kabisa, Mama Pacha alimpelekea chakula. Alilizunguka bango. Akasoma upande huu, akaenda akasoma upande ule.

"Baba Pacha, mbona pote pamesema kitu kimoja?"

"Njia ni moja. Ulitaka iwe na ndimi mbili kama yule dada yako?"

"Lakini anayetokea huku anapanda."

"Anayetokea huku," akasema Bwana Breki, akigongomea kifuniko cha kopo la rangi, "atapanda akijua kwamba ni mteremko."

Mama Pacha akangoja amalize kula, akachukua sahani yake, akaondoka. Miaka arobaini ya ndoa humfundisha mtu saa ya kuondoka na sahani.

Kilichobaki kilikuwa koti. Ofisi ilitaka kiongozi wa njia, wa kudumu, na kiongozi huyo angevaa koti la kijani lenye neno KIONGOZI mgongoni. Sharti lilikuwa moja: Jumamosi wangekuja wageni sita wa kwanza, na atakayewapandisha hadi stesheni ya juu na kuwarudisha salama, koti ni lake. Mwombaji alikuwa yeye peke yake. Mtaani alishaanza kuitikia jina la Kiongozi hata pale alipokuwa hajaitwa. Alishamwambia kinyozi, alishamwambia mwenye duka, alishamwambia fundi viatu mara mbili. Kwamba angelikosa koti lile halikumjia akilini, na kama lingemjia angelifukuza, maana nyuma ya koti kulikuwa na ile baraza, na watu wanaopita.

Ijumaa jioni alikaa uani juu ya baiskeli ya safari aliyoazimwa na ofisi, nyembamba, yenye gia ishirini na nne na mifuko miwili ya keria. Ilikuwa imesimama kwenye stendi yake. Alikanyaga pedali na gurudumu la nyuma likazunguka hewani vizuri sana.

"Umewahi kuipanda ile njia?" Mama Pacha akamwuliza kutoka mlangoni, akimenya viazi.

"Miaka thelathini na mmoja!"

"Hiyo umeipanda umelala."

"Mwili ulikuwepo."

"Basi mwili ukukumbushe kesho. Mimi leo sikupanda, nakwenda kesho kuchukua karoti, nitatoka nyuma yenu. Kama mtahitaji..."

"Kiongozi hafuatwi na mkewe na kapu."

"Nitapita kando."

"Upite bila kupiga kengele. Sitaki wageni wadhani ni msafara wa sokoni."

Jumamosi asubuhi wageni wakaja. Palikuwa na daktari wa meno mstaafu, ambaye kwa miaka mingi alizungumza na watu waliofunguliwa midomo wasioweza kumjibu, na tabia hiyo hakuiacha kazini. Palikuwa na mwalimu wa hesabu, mama mwembamba mwenye saa mkononi iliyopima mwendo, umbali na mapigo ya moyo. Na wanne wengine walikuwa ndugu, fulana zao za aina moja, waliocheka wote kwa wakati mmoja na kunyamaza wote kwa wakati mmoja. Dada afisa alibaki stesheni ya chini, koti limekunjwa ndani ya mfuko juu ya magoti yake.

Bwana Breki aliondoka mbele, kifua nje. Gia aliweka ile nzito kuliko zote.

"Kiongozi," daktari wa meno akasema, "hiyo si ngumu mno?"

"Zile laini wamewekewa watoto."

Njia ya reli ina ujanja wake, na wanaoijua huuheshimu. Treni haiwezi kupanda kilima cha ghafla, kwa hiyo waliojenga walikisambaza kilima kidogo kidogo katika kilomita zote. Jicho linaona uwanja. Goti haliamini. Hakuna mahali unapoweza kusema hapa ndipo nilipoanza kupanda, na hakuna mahali unapoweza kusema hapa nimemaliza. Kufika kilomita ya pili, kifua cha Bwana Breki kilikuwa kimerudi ndani. Hapo walikuta bango: MTEREMKO UNAENDELEA. USIACHIE BREKI.

"Tuendelee kushika?" daktari wa meno akauliza.

"Ni tahadhari tu," akasema Bwana Breki, maneno mawili kwa kila pumzi.

Kilomita ya nne: PUNGUZA MWENDO.

"Nikipunguza tena nitaanguka," daktari akasema. "Nimepitwa na kipepeo sasa hivi, na mwenyewe alikuwa anasimamasimama kwenye maua."

Wale ndugu wanne wakacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kabla ya saa sita mchana.

Bwana Breki akaona bora awape historia, maana historia hutolewa baiskeli imesimama. "Kushoto kwenu," akasema, akinyoosha mkono, "mtaliona tangi la maji la injini." Wote wakatazama kushoto. Palikuwa na jabali. Tangi lilikuwa kulia kwao, kubwa kama nyumba, na njiwa juu yake.

"Limehamishwa," akasema.

"Tangi la zege?" mwalimu wa hesabu akauliza.

"Halmashauri hiyo," akajibu Bwana Breki, kana kwamba neno hilo limeeleza kila kitu. Na kwa kweli wawili kati ya wale ndugu wakatikisa kichwa kama walioelewa.

Lakini yeye mwenyewe alishtuka. Kila alichokijua kilikuwa upande usio wake. Mto uliokuwa kulia kwake maisha yote ulimkalia kushoto. Aliwatangazia handaki, likaja shamba la miti. Aliwaambia baada ya handaki kuna daraja, na wakafika darajani handaki halijatokea bado. Ilikuwa kama kuvaa shati nyuma mbele: shati ni lako, na mkono hauoni pa kupita.

Na daraja lenyewe halikuwepo. Lilianguka mwaka wa pili baada ya treni kukoma, na ofisi ikachonga kijia kinachoshuka kidogo hadi kijitoni, kikavuka juu ya kalavati, kisha kikapanda ukingo wa pili, ulio mrefu na umesimama kama ngazi. Alipopita na mabango yake, ukingo ule Bwana Breki aliushuka kwa makalio. Kwa hiyo bango lililowangoja chini yake lilisema: MTEREMKO MKALI MNO. BREKI ZOTE MBILI.

Mwalimu wa hesabu alilisoma. Akautazama ukingo. Akalisoma tena, taratibu, kama anayesahihisha daftari la mtoto asiye na tumaini.

"Nifuateni," akasema Bwana Breki.

Alikanyaga mara ya kwanza, baiskeli ikaenda. Alikanyaga mara ya pili, mnyororo ukalia. Mara ya tatu baiskeli ikafikiri, ikasimama, na kwa utaratibu mkubwa, bila haraka yoyote, ikamlaza kwenye majani. Alijikokota hadi kwenye jiwe, akakaa, akashika tairi la mbele akaanza kuchunguza valvu.

"Kuna hewa inatoka," akasema.

"Tunaisikia," akasema daktari wa meno.

Maji yao yalikuwa yamekwisha. Mwalimu wa hesabu akasoma saa yake: kilomita nane, kwa muda wa saa mbili na dakika arobaini, mapigo ya moyo hakuyataja. Mmoja wa ndugu alikuwa ameshika paja, mguu umemkaza. Jua lilikuwa limewakalia utosini.

"Mimi nina hoja," akasema daktari wa meno. "Tukirudi, ndiko kwenye mteremko wa kweli, sivyo? Basi turudi."

Wakatazamana. Mmoja akaanza kugeuza usukani.

Bwana Breki aliinua uso kutoka kwenye valvu. Aliliona koti limekunjwa kwenye magoti ya dada afisa. Alimwona kinyozi, mwenye duka, fundi viatu. Aliiona baraza.

"Dakika mbili," akasema. "Njia inapumzika."

"Njia, au wewe?"

Kengele ikalia nyuma yao, krin-krin, kengele nzito ya zamani. Mama Pacha akatokea kwenye kalavati, leso kichwani, kapu tupu kwenye keria, uso mkavu kama mtu anayetoka jirani kuomba chumvi.

"Mnisamehe," akasema, akishuka. "Niliambiwa nisipige kengele, lakini mmekaa katikati ya njia."

"Mama," daktari wa meno akasema, "kilima hiki kinapandika?"

"Kwa kukaa kwenye siti? Hapana. Hapa watu hushuka."

"Hata wewe?"

"Mimi ndiyo kabisa. Miaka yote hii sijakipanda nimekaa hata siku moja. Nashuka pale kwenye kisiki, nasukuma mpaka kwenye mfereji, nakunywa, ndipo napanda tena. Mfereji uko hatua hamsini tu, na kivuli kipo. Hamkuambiwa?"

"Kiongozi ametuambia tumfuate tu."

"Kiongozi," akasema Mama Pacha, akimpangusa mumewe jani begani kama anayempangusa mtoto wa shule, "hajawahi kupanda hapa yuko macho."

Daktari wa meno alicheka mpaka akashika mti. Bwana Breki akarudia valvu yake. Haikuwahi kuwepo valvu iliyochunguzwa namna ile.

Mama Pacha akaizunguka baiskeli ya ofisi, akaangalia vile vigurudumu vya meno nyuma, vimepangana kama sahani. "Na mnyororo mmeuweka kwenye hiki kidogo? Mimi nina kimoja tu maisha yangu yote. Ningepewa vyote hivi ningekuwa nimefika jana." Akamwelekeza mwalimu wa hesabu, mwalimu akabonyeza, mnyororo ukahama. Kila mtu akabonyeza wake. Halafu wakashuka wote, wakasukuma, watu wazima saba wakimfuata mwanamke na kapu, na mfereji ulikuwa hatua arobaini na tisa; mwalimu alizihesabu.

Kuanzia hapo safari ikawa na mwenyewe. Mama Pacha hakutoa historia. Alisema, "Hapa nendeni mkizungumza. Ukishindwa kuzungumza ujue unakimbia." Wakazungumza. Alisema, "Kona ijayo upepo wa mlimani unakuja usoni, inameni," na upepo ukaja, wakawa wameshainama. Yule wa paja alimkanda kwa mawe ya moto ya kando ya njia, akatembea. Waliingia handakini, wakatoka, na wale ndugu wanne wakaanza kuimba.

Bwana Breki alikuwa nyuma kabisa, gia ya watoto, anakanyaga. Alikuwa amerudi mahali pake pa zamani, behewa la mwisho, ila safari hii macho yako wazi. Akaona kijia kilichochimbika kwa gurudumu moja kando ya tuta, kilomita baada ya kilomita. Akaona jiwe lililolainika juu, mahali mtu amekaa mara nyingi sana.

"Hapa ndipo ulipokuwa unanipita," Mama Pacha akasema bila kugeuka. Alikuwa amepunguza mwendo, wale wengine wametangulia. "Jumanne na Ijumaa."

Bwana Breki alikuwa na pumzi ya kufanya jambo moja tu, kukanyaga au kujibu. Akakanyaga.

Walipotokeza stesheni ya juu, milima ilikuwa mbele yao, mikubwa, ya buluu, theluji kidogo kwenye ncha. Wageni wakapiga picha. Bwana Breki akasimama ameshika baiskeli. Miaka thelathini na mmoja milima ile ilikuwa kisogoni kwake. Alijua ipo, kama mtu anavyojua ana kisogo.

"Mikubwa," akasema.

"Ilikuwa inakungoja uamke," akasema Mama Pacha, akaenda kuchukua karoti zake.

Kushuka kulikuwa zamu ya Bwana Breki, na hakuna atakayesema hakuifanya. Kofia ikabana kichwa, filimbi ikaingia mdomoni. "Msibane moja kwa moja! Bana, achia! Bana, achia! Rimu ikipata moto tairi itapasuka!" Kwenye kila kona alipiga filimbi mara mbili, kwenye ukingo wa daraja aliwashusha mmoja mmoja kwa kuwashikia keria, tangi la maji likawa upande aliosema, na kila bango likasema kweli tupu. Daktari wa meno alibana na kuachia kama alivyoagizwa na hakusema neno kilomita kumi nzima. Wakafika chini hakuna aliyekwaruzwa. Bwana Breki alikuwa mbele, anang'aa. Nyuma kabisa, taratibu, Mama Pacha na kapu la karoti.

Dada afisa akasimama na mfuko wake. "Karibuni! Haya, nani aliyewapandisha?"

Wakamtazama Mama Pacha.

"Na nani aliyewarudisha?"

Wakamtazama Bwana Breki. Dada afisa akautazama mfuko, ambao ndani yake kulikuwa na koti moja.

"Binti," akasema daktari wa meno, ambaye alikuwa amekaa kimya muda mrefu kupita afya yake, "tusisumbuane. Kushuka hata karoti zimeshuka."

Watu walicheka. Hakukusudia ubaya; meno mengi ameyang'oa hivyohivyo bila ubaya. Lakini Bwana Breki alikuwa amesimama pale, na miaka thelathini na mmoja ilikuwa imeingia yote ndani ya kapu moja na kufunikwa.

Mama Pacha alisema alikuja kuchukua mboga, si koti. Kisha akauliza ni siku gani. Akaambiwa siku mbili kwa wiki, achague mwenyewe. "Jumanne na Ijumaa," akasema. "Hizo napanda hata bila koti." Akavishwa. Mikono ilimfunika mpaka vidoleni, maana lilikatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Siku tatu Bwana Breki hakusema naye ila kupitia ukutani. Aliuambia ukuta kwamba chai imepoa. Ukuta ukamjibu kwamba jiko liko palepale. Siku ya nne ofisi ikaleta kopo la rangi na barua: mabango kumi na manne, upande wa wanaopanda, yaandikwe upya. Aandike yeye, kwa kuwa hati yake ni nzuri.

Alikaa uani na kopo mbele yake mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia miguuni. Mkewe alikuwa mlangoni akifupisha mikono ya koti, pini mdomoni.

"Niandike nini?" akauliza.

Mama Pacha akatoa pini mdomoni, kwa kuwa maswali ya mume huyu hayakuwa ya kila siku. "La chini kabisa, andika KUPANDA KUNAANZIA HAPA. Kwenye tangi, andika TANGI LIKO KULIA, basi watu waache kutazama jabali. Pale kwenye ukingo wa daraja andika: KILIMA. SHUKA USUKUME. HAKUNA ANAYEKUTAZAMA."

"Hilo la mwisho si habari ya njia."

"Hilo ndilo habari yenyewe. Andika."

Akaandika. Lipo mpaka leo, na wageni hupiga nalo picha. Jumanne na Ijumaa Mama Pacha huwapandisha kwa koti la kijani, na kwenye milima humkuta mumewe amekwisha fika kwa lori la barabara ya nyuma, alama za gunia shavuni, filimbi tayari, anangoja kuwashusha. Kwa hilo ofisi ilimpa kizibao, nacho pia ni cha kijani, ingawa mgongoni hakina neno.

Lakini Alhamisi, siku isiyo na wageni, wachunga mbuzi wa kando ya kijito wanamwona mzee mmoja amevaa kofia ya treni, anasukuma baiskeli nyeusi ya chuma kwenye ule ukingo. Husukuma hatua kumi, akasimama, akageuka kutazama nyuma. Akasukuma kumi nyingine, akageuka tena. Anahakikisha bango linasema kweli.